Kupanua daraja juu ya reli: barua inatosha, au maombi rasmi?

Chaki_na_Rula

Wakuu, salaam. Nipo California, kwenye ofisi ndogo ya wahandisi washauri, na nimeangukiwa na kazi ambayo sikuisomea: makaratasi.

Kuna daraja la barabara kuu linalopita juu ya reli. Lilijengwa mwaka 1962. Chini yake kuna reli mbili za treni za mizigo na ya tatu ya kupishania. Juu kuna njia nne za magari, mteja anataka ziwe sita. Upande wa kaskazini limelala bomba kubwa la gesi ambalo hakuna anayetaka hata kulitaja, kwa hiyo upana wote unaongezwa kusini: mita 7.3. Boriti mpya zina kina kilekile cha zile za zamani. Nimefungua michoro ya 1962, na kutoka juu ya reli mpaka chini ya boriti ya ukingoni ni mita 7.04. Sheria ya jimbo inataka futi 22 na inchi 6, yaani mita 6.86. Tumepita, si ndiyo?

Bosi wangu anasema daraja lipo tayari, treni haziguswi, andika barua ya kurasa mbili peleka Tume ya Huduma za Umma ya jimbo. Mwanasheria wa mteja anasema hapana, ni maombi rasmi, yale yanayopangiwa jaji. Kati ya barua na jaji kuna miezi mingi, na atakayeulizwa iliendaje ni mimi.

Naombeni mnisaidie mambo mawili. Njia sahihi ni ipi? Na naanza na nani, Tume ya Huduma za Umma au kampuni ya reli?

---

Dereva_wa_Greda

Mbona mnajitesa? Kibali cha tume ni kwa makutano, pale gari na treni zinapokatana ardhini. Daraja limeshawatenganisha. Malizaneni na kampuni ya reli, basi.

---

Mama_Kokoto

Greda, hapana, usimpoteze mtoto wa watu.

Chaki, mwanangu, sheria ya huduma za umma ya California, kuanzia kifungu cha 1201 hadi 1205, inaipa tume mamlaka juu ya kila mahali ambapo barabara ya umma na reli zinapishana, ziwe zinakatana ardhini au moja ipo juu ya nyingine. Kifungu cha 1202 kinasema mamlaka hayo ni ya tume peke yake. Kama unabisha, nenda katazame namba ya daraja lako kwenye orodha ya tume, CPUC. Utakuta inaishia na herufi A. Herufi hiyo hupewa barabara inayopita juu ya reli. Ile inayopita chini hupewa B. Sasa kama daraja lina namba ya tume tangu wazazi wako hawajaoana, utalipanuaje bila tume kujua? Andika namba hiyo kwenye kila karatasi. Andika na ile ya serikali ya shirikisho, yenye tarakimu sita na herufi moja. Watu huchanganya hizi mbili kila siku.

Kuhusu barua au jaji, bosi wako na mwanasheria kila mmoja ameshika nusu. Tume ina Agizo Kuu namba 88-B, linalohusu kubadilisha makutano ya reli na barabara yaliyopo. Humo kufanya mabadiliko au kujenga upya daraja la kutenganisha barabara na reli kumetajwa, na wahandisi wa tume wanaweza kuidhinisha kwa barua bila kesi kufunguliwa. Lakini lina sharti ambalo bosi wako amelirukia: wahusika wote wawe wamekubaliana. Mwenye barabara na kampuni ya reli, kwa maandishi. Akikataa mmoja tu, barua yako haina njia, unahamia kwenye maombi rasmi, tangazo linatoka kwenye kalenda ya kila siku ya tume, na anayepinga ana siku 30 za kuleta pingamizi. Hapo ndipo jaji wa mwanasheria wako anapoingia.

Kwa hiyo swali lako la pili ndilo linalojibu la kwanza. Anza na kampuni ya reli. Katika daraja langu la mwisho kabla ya kustaafu, kampuni ya reli ilituzungusha miezi kumi na minne, na tume haikumaliza miezi miwili. Sisemi itakuwa hivyo kwako. Nasema panga kalenda yako ukijua nani ana haraka na nani hana. Kampuni ya reli haina sababu yoyote ya kulitamani daraja lako. Treni zake zinapita leo, zitapita na kesho.

Na hilo lina upande wake mzuri. Kama kuna fedha za shirikisho kwenye mradi, kanuni zinachukulia kwamba kujenga upya daraja la kutenganisha ambalo tayari lipo hakuipi kampuni ya reli faida ya kupimika, na kwa hiyo haidaiwi mchango. Mwambie mteja mapema asiweke jina lao kwenye safu ya wachangiaji. Niliwahi kuona mtu ameliweka. Mkutano wa kwanza uliisha kabla kahawa haijapoa.

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuuliza, na ndilo lililonifanya niandike. Hizo mita 7.04.

Daraja lako lina mwinuko wa pembeni, sivyo? Maji lazima yaende mahali. Kama sakafu inashuka asilimia 2 kuelekea kusini, na wewe unaongeza mita 7.3 kusini, ukingo mpya utakuwa chini kuliko ukingo wa zamani kwa sentimita 14.6. Boriti zenye kina kilekile zinashuka nayo. 7.04 toa 0.146. Umebaki na 6.89. Bado umepita, kwa sentimita tatu, unene wa vidole viwili.

Halafu jiulize: juu ya reli ni wapi? Juu ya reli ya mwaka 1962, au ya leo asubuhi?

Mimi humu naitwa Mama Kokoto na sikujipa jina hilo. Mwaka wangu wa tatu kazini nilipeleka jedwali la nafasi kati ya reli na daraja, lililotoka kwenye michoro ya zamani, safi, limepigwa mhuri. Mhandisi wa kampuni ya reli, mzee mmoja mkimya, akaniomba tukutane chini ya daraja. Akaja na mti wa kupimia, akausimamisha juu ya kichwa cha reli, akasoma, akanipa nisome mwenyewe. Sentimita kumi na moja zilikuwa zimepotea. Nikamwambia daraja limezama. Akacheka mpaka akakohoa. "Daraja halijaenda popote," akasema, "sisi ndio tumepanda."

Reli haikai mahali pamoja. Kila baada ya miaka kadhaa inapita mashine inayoinua mataruma na kushindilia kokoto chini yake ili njia inyooke. Kila ikiinua, inaacha kidogo. Hakuna anayechora upya daraja lako kwa sababu hiyo. Miaka sitini ya kidogo-kidogo si kidogo. Basi tangu siku ile ofisini nikaitwa Kokoto.

Peleka mpima ardhi, kwa ruhusa na ulinzi wa kampuni ya reli, usimtume kijana arukie uzio. Apime kila reli, na kwenye kona apime reli iliyo juu zaidi, chini ya kila boriti unayotaka kuweka. Usimruhusu apime katikati tu. Kama barabara inakatiza reli kwa mshazari, sehemu finyu kuliko zote haipo pale macho yanapodhani.

Na hata ukiipata 6.86 yako, hicho ni kiwango cha chini cha tume, kwenye Agizo Kuu 26-D la mwaka 1948. Mwongozo wa pamoja wa kampuni za reli za Union Pacific na BNSF kwa madaraja ya namna hii unataka futi 23 na inchi 4, mita 7.11. Sheria itakukubali, jirani hatakukubali, na bila saini ya jirani huna barua.

---

Dereva_wa_Greda

Nimenyamaza.

---

Wakili_wa_Jioni

Naongeza la mazingira kwa sababu lazima litaulizwa. Tume haitatoa idhini bila kuona kwamba sheria ya mazingira ya California, CEQA, imefuatwa. Kwa kawaida anayebeba mzigo huo ni mwenye barabara. Tume inategemea kazi yake.

Kifungu cha 21080.13 cha sheria ya rasilimali za umma kinasamehe mradi wa kutenganisha barabara na reli unaoondoa makutano ya ardhini yaliyopo, au unaojenga upya daraja la kutenganisha lililopo. Watu wakisoma hapo wanaruka kwa furaha. Ndugu Chaki, soma tena neno lenyewe: kujenga upya. Wewe unaongeza njia mbili za magari, na huenda mradi wako hauanzii wala hauishii darajani. Msamaha wa daraja haufuniki kilomita za barabara kila upande. Kama mwenye barabara ameshafanya uchambuzi wa mradi mzima, uambatishe huo na uachane na ujanja. Nimewaona wanaokata mradi vipande ili kila kipande kionekane kidogo. Mahakama zinalijua jambo hilo na hazilipendi.

---

Chaki_na_Rula

Mama Kokoto, shikamoo. Nimesoma jibu lako mara tatu, mara ya tatu nimesimama. Mwinuko wa pembeni ni asilimia 2, na ndiyo, unashuka kusini. Sikuwa nimeutoa. Nimeomba mpima ardhi.

Swali jingine. Nguzo mpya za upande wa kusini zinakaa kwenye mstari mmoja na za zamani, mita 5.5 kutoka katikati ya reli ya karibu. Za zamani ni nguzo tupu, za mviringo, tatu tatu. Mkuu wa michoro anasema mpya zifanane na za zamani ili daraja lipendeze. Kampuni ya reli imeandika pembeni ya mchoro neno moja tu: ukuta. Ukuta wa nini?

---

Mama_Kokoto

Marahaba mwanangu.

Ukuta wa kuzuia treni isiangushe daraja. Kwa viwango vya AREMA, chama cha wahandisi wa reli wa huko, nguzo iliyo ndani ya futi 25 kutoka katikati ya reli, mita 7.62, lazima iwe nene na nzito yenyewe au ilindwe na ukuta wa zege. Wewe upo mita 5.5, upo ndani. Kwa umbali huo ukuta unapanda angalau futi 6 juu ya reli, karibu mita 1.8. Ungekuwa karibu zaidi, chini ya futi 12, ungepanda futi 12.

Mkuu wa michoro anaona urembo. Mwambie asome habari za Granville, Sydney, tarehe 18 Januari 1977. Treni ya asubuhi iliyojaa watu wanaokwenda kazini iliacha reli ikagonga nguzo za daraja la barabara. Treni ilikuwa imeshasimama, na wengi walikuwa bado hai ndani. Kisha daraja likashuka juu ya mabehewa. Walikufa zaidi ya watu 80. Walipolijenga upya waliliruka eneo lote kwa mkono mmoja, bila nguzo katikati. Halafu Eschede, Ujerumani, tarehe 3 Juni 1998: pete ya gurudumu ilikatika, treni ya mwendo kasi ikatoka njiani, daraja la barabara likaanguka juu yake, watu 101. Hakuna aliyekuwa akijenga kitu siku hizo. Madaraja yalikuwa yamesimama tu, yanapendeza.

Kwa hiyo kampuni ya reli ikiandika neno moja, usiwajibu kwa barua ndefu. Chora ukuta. Na uchore unaounganisha nguzo mpya na za zamani kwenye mstari huohuo, maana wakija kukagua watauliza kwa nini nusu ya daraja inalindwa na nusu imeachwa wazi. Hilo litaongeza gharama, mteja atalia. Mwache alie mapema, kwenye mchoro, asije akalia zege likishamwagwa.

Nikiwa hapohapo: viunzi vya muda, vya kushikilia boriti wakati wa ujenzi. Mnamwaga zege la boriti palepale, au mnaleta zilizotengenezwa kiwandani?

---

Chaki_na_Rula

Palepale. Mkandarasi anataka viunzi vya mbao na chuma juu ya reli kwa wiki saba hivi.

---

Mama_Kokoto

Wiki saba. Na viunzi vina unene gani chini ya boriti?

---

Chaki_na_Rula

Sentimita 60.

...

Sasa nimeona.

---

Mama_Kokoto

Ndiyo. Kwa wiki saba daraja lako halina mita 6.89, lina 6.29, na mabehewa yenye makontena mawili juu kwa juu hayajui kwamba ni ya muda. Kushuka chini ya futi 22 na inchi 6, hata kwa siku moja, ni ruhusa nyingine ya tume, siyo ileile ya kupanua. Nimeona ofisi nzuri kabisa zikiomba idhini ya daraja lililokamilika na kusahau kuomba idhini ya daraja linalojengwa. Mojawapo ilikuwa yangu.

Boriti za kiwandani hazihitaji viunzi chini. Zinainuliwa kwa winchi usiku, treni zikiwa zimepewa nafasi ya kusimama, mshika bendera wa kampuni ya reli akiwa amesimama pale na wewe ukimlipa kila saa yake. Ni ghali. Lakini ni usiku chache badala ya wiki saba za kuomba Mungu.

---

Mtaro_Wazi

Nina dogo tu, mimi ni mtu wa maji. Michoro ya 1962 lazima ina matundu ya kutolea maji yanayomwaga moja kwa moja chini. Msiyarudie upande mpya. Maji yaende kwenye mabomba hadi nje ya eneo la reli. Kokoto zikilowa kila mvua zinageuka tope, reli inalegea, halafu inakuja ile mashine ya Mama Kokoto kuiinua tena. Na wekeni uzio pembeni mwa daraja, watu hutupa vitu chini.

---

Chaki_na_Rula

Wakuu, nimerudi. Imekuwa wiki tano.

Mpima ardhi alikwenda na mlinzi wa kampuni ya reli, akapima sehemu kumi na mbili. Reli ya kusini imepanda sentimita 10 tangu 1962. Mama Kokoto, sikukuamini kabisa, nilidhani labda tatu, nne. Kwa hiyo ile 7.04 niliyoanza nayo humu, nikitoa sentimita 14.6 za mwinuko na hizi 10, ingekuwa 6.79. Chini ya sheria. Ningepeleka barua yenye namba ya uongo, na nisingejua kwamba ni ya uongo.

Tumebadilisha boriti. Upande wa kusini sasa ni za chuma, kina kimepungua sentimita 35, tunafika mita 7.14, juu ya hata ile wanayotaka kampuni za reli. Mhandisi wa miundo amekasirika kwa sababu chuma na zege havipindi sawasawa chini ya mzigo uleule, na anataka maungio kati ya sakafu ya zamani na mpya yamwagwe mwisho kabisa, boriti mpya zikishabeba uzito wake zenyewe. Nimemwambia sawa. Viunzi juu ya reli vimefutwa. Ukuta umechorwa, unapita nguzo zote, mpya na za zamani. Mteja amelia, kama ulivyosema, na ametia saini.

Kampuni ya reli imerudisha michoro ikiwa na maoni manne badala ya kumi na tisa. Rasimu ya mkataba wa ujenzi na matunzo ipo kwa wanasheria wao. Barua ya 88-B nimeshaiandika, ipo kwenye droo, ina kurasa sita na viambatisho, inangoja saini yao tu.

Bosi ameisoma. Ameuliza kwa nini siyo kurasa mbili.

---

Mama_Kokoto

Mwonyeshe ule mti wa kupimia.

Halafu usisahau Fomu G. Daraja likikamilika una siku 30 za kuirudisha tume na vipimo vya mwisho, vilivyopimwa, siyo vilivyochorwa. Na alama ya maili uliyoandika kwenye barua, umeitoa wapi? Maana nayo huhama.

---

Chaki_na_Rula

Kwenye michoro ya 1962.

Ngoja nifungue droo.